MAONI: Zoezi Liruhusiwe Kushindikana

Kila mwaka majeshi yetu ya ulinzi na polisi hutumia mafuta mengi, risasi nyingi na siku nyingi katika mazoezi. Hilo ni jambo jema, na hapana askari anayeijua kazi yake atakayelilalamikia. Lakini yako mazoezi ya namna mbili, na kwa macho ya mgeni aliyeketi jukwaani hayatofautiani hata kidogo. La kwanza ni lile ambalo mwisho wake unajulikana kabla halijaanza: adui atatokea kilimani saa nne, platuni moja itampiga kwa mbele, nyingine itamzunguka kushoto, na ifikapo saa sita adui atakuwa ameshindwa na wageni watakwenda kula. La pili ni lile ambalo hata aliyelitunga hajui litakwishaje.

La kwanza ni maonyesho. Maonyesho yana mahali pake, na sisi tunaoshughulika na uhusiano wa jeshi na raia tungekuwa watu wa mwisho kuyakataa, kwa sababu mwananchi anayo haki ya kuliona jeshi lake likiwa nadhifu. Lakini maonyesho yasiitwe mazoezi. La pili ndilo zoezi lenyewe, na ni juu ya hilo la pili tunataka kusema leo, maana yako mambo yaliyokwisha kutokea duniani ambayo yanaonyesha wazi gharama ya kulikosa.

Tuanze mbali kidogo na kambi, katika chumba cha kuongozea mitambo. Askari yeyote aliyewahi kupangiwa lindo katika mtambo wa umeme wa Nalubaale pale Jinja, uliofunguliwa mwaka 1954, au katika ule mpya wa Karuma, anajua kwamba fundi wa zamu hakai kando ya maji akiyatazama. Anakaa chumbani mbele ya taa, mishale na vipimo. Anachokiona si maji bali ni habari za maji. Ndivyo ilivyo pia kwa ofisa wa zamu katika chumba cha operesheni, awe wa jeshi au wa polisi. Yeye hamwoni adui wala jambazi. Anasikia sauti kwenye simu ya upepo, anatazama alama kwenye ramani, na kutokana na hayo anatoa amri. Kwa hiyo yaliyompata fundi wa mitambo yanamhusu sana askari.

Tarehe 28 Machi, 1979, saa kumi alfajiri, katika kinu cha pili cha nguvu za nyuklia cha Three Mile Island, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, pampu zinazopeleka maji ya kupoza mtambo zilisimama. Kinu kilijizima chenyewe katika muda wa sekunde chache, kama kilivyoundwa kufanya. Shinikizo lilikuwa limepanda, basi valvu moja ya juu ikafunguka ili kulipunguza. Hilo nalo lilikuwa sawa. Shinikizo liliposhuka, valvu hiyo ilitakiwa ijifunge, lakini haikujifunga. Ilikwama ikiwa wazi, na maji ambayo yalikuwa ndiyo uhai wa kinu kile yakaanza kutoka.

Chumbani palikuwa na taa ya valvu hiyo. Taa ilizimika, na mafundi wakaelewa kwamba valvu imefungwa. Kumbe taa ile haikuundwa kuonyesha kama valvu imefungwa. Ilionyesha tu kwamba amri ya kuifunga imetolewa. Hapa tungependa kila kamanda asimame kidogo afikiri, kwa sababu ni mara ngapi katika kazi zetu amri iliyotolewa huhesabiwa kuwa ni amri iliyotekelezwa? Mtu anaambiwa apeleke doria mtoni. Anajibu, "Ndiyo, afande". Kwenye ramani inawekwa alama ya doria mtoni. Na usiku kucha makao makuu yanaamini kwamba mto unalindwa.

Tuendelee. Kipimo kimoja kilionyesha shinikizo linashuka. Kipimo kingine, cha tangi linalodhibiti shinikizo hilo, kilionyesha maji yanapanda. Mafundi walikuwa wamefundishwa kwa muda mrefu kwamba jambo la kuogopwa ni tangi lile kujaa pomoni. Basi mitambo ya dharura ilipoanza yenyewe kuingiza maji, wao waliyapunguza maji hayo, wakidhani yamezidi, na huku kinu kinakauka. Ving'ora na taa za hatari zaidi ya mia moja viliwaka karibu kwa wakati mmoja, hata haikuwezekana kujua kipi ni kikubwa na kipi ni kidogo. Hali iliendelea hivyo kwa zaidi ya saa mbili. Aliyeokoa jahazi ni msimamizi wa zamu nyingine aliyeingia asubuhi akiwa na akili mpya, akauliza kuhusu valvu ile, na saa kumi na mbili na dakika ishirini na mbili bomba lake likafungwa. Hakufa mtu siku ile, lakini baadaye kinu kilipofunguliwa na kuchunguzwa ilionekana kwamba karibu nusu ya kiini chake kilikuwa kimeyeyuka.

Si haki kusema kwamba watu wale walikuwa wavivu au wajinga. Walikuwa wamepata ujuzi wao wa awali katika Jeshi la Majini la Marekani, ambalo halichezi na nidhamu, na walikuwa wamefanya mazoezi katika mtambo wa mwigo, yaani chumba kilichotengenezwa kufanana na chumba cha kuongozea mitambo, chenye taa na vipimo vinavyoendeshwa na kompyuta, bila kuwapo kinu chochote nyuma yake. Sasa tusikilize yaliyoonekana na tume iliyoundwa na Rais Carter chini ya uenyekiti wa John Kemeny, iliyotoa taarifa yake mwezi wa Oktoba, 1979. Tume iligundua kwamba mtambo ule wa mwigo haukuwa na uwezo wa kuonyesha maji ya tangi yakipanda wakati shinikizo linashuka. Hali hasa iliyowakuta alfajiri ile ndiyo hali ambayo zoezi lao halikuweza kuwapa. Walikuwa wamefuzu vizuri kabisa katika mtihani ambao swali hilo halikuwamo.

Lakini lililo zito kuliko yote ni hili. Mnamo Septemba, 1977, miezi kumi na minane kabla ya ajali hiyo, valvu ya aina hiyo hiyo ilikwama wazi katika kinu cha Davis-Besse, jimbo la Ohio. Huko nako mafundi walidanganywa na kipimo cha tangi, wakapunguza maji. Bahati yao kinu kilikuwa kinafanya kazi kwa nguvu ndogo sana, na kwa muda wa dakika ishirini hivi wakagundua kosa na kuifunga njia ile. Taarifa ziliandikwa. Wahandisi waliandikiana barua. Wako walioonya kwa maneno ya wazi kwamba jambo hili likitokea mahali pengine kinu kikiwa na nguvu zake zote kutakuwa na maafa. Barua zilikwenda kutoka meza hii mpaka meza ile, na wale watu wa Three Mile Island hawakuambiwa chochote. Elimu ilikuwapo, ilikuwa kabatini.

Baada ya hapo Wamarekani walibadilika. Mwaka huo huo wa 1979 makampuni ya umeme wa nyuklia yaliunda chuo chao cha kukagua uendeshaji na mafunzo, na katika miaka ya themanini ikawa sheria kwamba mitihani ya mafundi ifanyike katika mtambo wa mwigo unaofanana na kinu chao wenyewe, si cha jirani. Tangu hapo, kosa lililotokea kwenye kinu kimoja hutazamiwa kuwa zoezi katika vinu vingine.

Yamkini msomaji atasema kwamba hayo ni mambo ya matajiri, na sisi kompyuta za namna hiyo tutazipata wapi? Swali hilo ni la haki, na jibu lake linapatikana katika mji wa Liverpool, Uingereza, mwaka 1942.

Mwaka ule nyambizi za Wajerumani zilikuwa zinazamisha meli za mizigo katika Bahari ya Atlantiki kwa wingi wa kutisha. Jeshi la Majini la Uingereza lilimwita Kapteni Gilbert Roberts, ofisa aliyekuwa ameondolewa kazini kwa sababu ya ugonjwa wa kifua kikuu, likampa vyumba katika jengo la Derby House na kikundi cha askari wanawake, wengi wao wasichana ambao hawakuwahi kupanda manowari hata siku moja. Roberts hakuomba mashine. Alipiga mistari sakafuni, akapata chaki, vipande vya mbao vya kuwa meli, na mapazia ya turubai yenye matundu. Ofisa aliyecheza kama kamanda wa manowari ya ulinzi aliwekwa nyuma ya pazia, akachungulia tunduni, asione ila kile ambacho angekiona usiku wa giza baharini. Nyambizi yenyewe haikuonekana kwake. Njia yake ilichorwa kwa chaki ya rangi isiyosomeka kirahisi kutoka pale aliposimama. Kila zamu alipewa muda mfupi wa kuamua, kisha meli zikasogezwa.

Jambo la kwanza alilofanya Roberts halikuwa kufundisha. Alijaribu. Alichukua taarifa za mapigano yaliyokwisha kutokea, akayarudia sakafuni hatua kwa hatua. Watu wengi walikuwa wanaamini kwamba nyambizi hupiga zikiwa nje ya msafara wa meli, na kwa hiyo meli ikipigwa, manowari za ulinzi zilikimbilia nje kuitafuta. Roberts alipopima masafa ya topido na mahali zilipokuwa meli zilizozama, aliona kwamba hesabu haikubali. Hesabu ilikubali kwa njia moja tu: nyambizi ilikuwa inaingia msafarani kutoka nyuma, usiku, ikielea juu ya maji, inapiga ikiwa katikati ya meli, halafu inazama na kungoja msafara upite. Walinzi walikuwa wanakimbia kumtafuta mwizi barabarani naye yumo ndani ya nyumba. Mbinu mpya ikatungwa, ya manowari kurudi nyuma ya msafara na kupekua huko, nayo ikajaribiwa tena na tena sakafuni kabla ya kutumwa baharini.

Wakubwa hawakupendezwa mwanzoni. Lakini yupo mkubwa mmoja, Jemadari Max Horton, aliyepata sifa zake akiwa kamanda wa nyambizi katika Vita Kuu ya Kwanza, ambaye baada ya kushika uongozi wa eneo lile mwishoni mwa 1942 alikuja mwenyewe kucheza kama nyambizi. Msichana aliyecheza kama mlinzi, Janet Okell, alimzamisha, akamzamisha tena, na tena. Inasimuliwa kwamba Horton alikasirika na kudhani ameibiwa. Hata hivyo hakukifunga chumba kile, na mpaka vita vilipokwisha, maofisa wapatao 5,000 walikuwa wamepitia pale, wakishindwa na kujifunza juu ya sakafu kabla ya kwenda mahali ambapo kushindwa ni kifo.

Upande wa pili wa dunia, mwaka huo huo, Wajapani nao walikuwa na zoezi lao la ramani. Mwezi Mei walijaribu mezani mpango wao wa kuishambulia Midway. Katika zoezi hilo, kama walivyoeleza baadaye maofisa wao wawili, Fuchida na Okumiya, mwamuzi alipiga hesabu zake akaona kwamba manowari zao mbili za kubeba ndege, Akagi na Kaga, zimezama. Mkuu wa kazi, Jemadari Ugaki, akaipunguza hesabu ya mabomu yaliyopiga. Akagi ikarudishwa majini, na hata Kaga, ambayo kwanza ilikubaliwa kuwa imezama, ikafufuka katika sehemu iliyofuata ya zoezi. Tarehe 4 Juni, 1942, Akagi na Kaga zilipigwa na ndege za Marekani pale Midway na hazikurudi, pamoja na nyingine mbili za namna hiyo.

Hatudai kwamba mchezo wa mezani hutabiri vita. Hautabiri. Lakini unaweza kuuliza swali, na Wajapani waliulizwa, wakalifuta swali badala ya kulijibu.

Sasa turudi kwetu. Tarehe 26 Mei, 2023, wakati wa alfajiri, kambi ya jeshi letu huko Buulo Mareer, Somalia, ilishambuliwa na Al-Shabaab. Rais Museveni alitangaza siku chache baadaye kwamba tumepoteza askari 54, na alisema wazi kwamba wako makamanda walioingiwa na hofu na kutoa amri ya kurudi nyuma. Hapa si mahali pa kuhukumu. Vyombo vya kufanya hivyo viko, na waliokufa wanastahili heshima si maneno. Lakini habari ile haikuwa siri, na maadam haikuwa siri, inapasa iwe ni mali ya kila platuni. Ni kambi ngapi, tangu siku ile, zimeamshwa saa kumi za usiku bila onyo, kukiwa na mwamuzi anayesema kwamba lango limelipuliwa, simu ya upepo haifanyi kazi, na kamanda amekufa? Jibu hatulitoi gazetini. Kila kamanda analo jibu la kikosi chake.

Zoezi la namna hiyo haligharimu risasi hata moja, wala halihitaji mgeni. Mwamuzi, hata kama ni sajini, anamgusa luteni bega na kumwambia, "Afande, wewe umekufa. Kaa chini, usiseme neno." Kisha anatazama. Je, sajini wa platuni anajua anachopaswa kufanya, au anamtazama luteni aliyekaa chini? Koplo wa bunduki kubwa anajua mipaka ya eneo lake la kupiga usiku? Kuruta anayeona jambo ambalo wakubwa hawajaliona, analo neno la kulisema na mtu wa kumsikia? Katika chumba kile cha Pennsylvania hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuishuku ile taa. Timu isiyo na mtu wa kushuku ni sawa na mtu mmoja mwenye macho mengi.

Na hapa ndipo jaribio linapoingia, maana zoezi na jaribio ni ndugu lakini si kitu kimoja. Zoezi humfundisha askari. Jaribio huipima njia yenyewe. Tuseme kambi inabishana: je, kengele ya hatari iwe filimbi ya mlinzi au kipande cha reli kilichotundikwa mtini? Wazee wa kikosi watakuwa na maoni yao, na mwenye cheo kikubwa atashinda ubishi. Afadhali ubishi uishie kwenye saa. Usiku mmoja itumike filimbi, usiku mwingine reli, na ihesabiwe dakika kutoka sauti ya kwanza mpaka mtu wa mwisho awe handakini na silaha yake na magazini zake. Lisifanyike mara moja tu, kwa sababu usiku wa mvua si sawa na usiku wa mbalamwezi. Kombania zibadilishane, isije ikawa kombania hodari ndiyo iliyopewa filimbi kila mara, na kila mtu akaisifu filimbi kwa kazi ya miguu. Lisibadilishwe jambo jingine wakati huo huo. Ukibadilisha kengele na njia ya kwenda mahandakini kwa siku moja, hutajua lipi lililosaidia. Na kabla ya kuanza yaandikwe matokeo yatakayokubaliwa kuwa ni mabaya, ili mtu asije akayapaka rangi baadaye.

Polisi wanaweza kufanya hayo hayo kwa kizuizi cha barabarani, kwa kuhamisha mahabusu, kwa moto katika kituo usiku ambapo funguo za mahabusu ziko na askari mmoja naye amekwenda kunywa chai. Chumba cha kupokea simu za 999 kinaweza kupigiwa simu za majaribio, na kupimwa ni dakika ngapi zinapita mpaka gari la doria liondoke, na je, liliondoka kwenda mahali palipotajwa? Wengi watashangaa kuona kwamba dakika hazipotei barabarani bali kati ya meza mbili za chumba kimoja.

Tahadhari moja haina mjadala. Panapotumika risasi baridi, magazini na mifuko ya kila mtu ikaguliwe na ofisa asiyehusika na zoezi, risasi za kweli zifungiwe mbali, na liwepo neno moja la kusimamisha kila kitu ambalo hata kuruta anaruhusiwa kulitamka. Anayezembea katika hilo aadhibiwe bila huruma. Lakini anayekosea katika uamuzi, aliyemzunguka adui upande usiofaa au kuchelewa kutoa amri, huyo asiadhibiwe wala asichekwe gwarideni. Akiadhibiwa, safari ijayo atahakikisha kwamba anajua mapema adui atatokea wapi, nasi tutakuwa tumerudi kwenye maonyesho. Hata luteni aliyetoka chuo cha kadeti juzi anajua jinsi habari za zoezi la siri zinavyovuja kutoka jikoni.

Tena, taarifa ya zoezi lililoshindikana isikae katika kikosi kilicholifanya. Mahali kama Singo, ambapo vikosi vyetu vimekuwa vikiandaliwa kabla ya kwenda Somalia, na Kabalye, wanapofundishwa polisi, ndipo panapofaa taarifa hizo zikusanywe, majina ya watu yaondolewe, na kila moja igeuzwe kuwa zoezi la kikosi kinachofuata. Jina la luteni aliyechelewa halina faida kwa mtu; dakika alizochelewa, na sababu yake, zina faida kubwa.

Na katika kila kambi na kila kituo liwepo daftari la mazoezi ya kushtukiza, mezani kwa ofisa wa zamu, pembeni ya daftari la silaha: tarehe, saa, jambo lililoigizwa, dakika zilizohesabiwa, na kilichoharibika. Mkaguzi afikapo alifungue hilo kwanza, kabla hajatazama vitanda vilivyotandikwa, na akikuta kurasa tatu mfululizo hapana kilichoharibika, aamrishe king'ora kipigwe pale pale, naye ashike saa mkononi.